Ada Hurudishwa, Kipindi Je?

Katika miezi ya Februari na Machi mwaka 2018, wahadhiri wa vyuo vikuu zaidi ya 60 nchini Uingereza waligoma kwa siku 14 zilizotawanywa katika muda wa wiki nne. Ugomvi wao na waajiri ulihusu pensheni. Hatukusudii kuuamua ugomvi huo hapa, maana mfanyakazi anayo haki ya kutetea maisha yake ya uzeeni. Tunalotaka kulitazama ni lile lililofuata. Wanafunzi waliokosa mihadhara waliuliza: tumelipia mafunzo, na mafunzo hatukuyapata, fedha zetu ziko wapi?

Swali hilo halikuwa la mzaha. Katika sehemu ya England, mwanafunzi mwenyeji aliweza wakati huo kutozwa hadi pauni 9,250 kwa mwaka, na wengi walikuwa wamezikopa fedha hizo. Tena, mhadhiri anayegoma halipwi mshahara wa siku za mgomo; kwa hiyo ada ilibaki chuoni na mishahara ile nayo ikabaki chuoni. Wapo wanafunzi walioshika kalamu, wakaigawanya ada kwa idadi ya mihadhara, wakapata bei ya kila saa iliyopotea. Vyuo vilijibu kwamba ada si bei ya mihadhara peke yake, bali ndani yake mna maktaba, maabara, usimamizi, mitihani na shahada yenyewe.

Janga la UVIKO-19 lilipofunga kumbi za mihadhara mwaka 2020, mabishano yalirudi kwa nguvu zaidi. Ombi la kutaka ada za mwaka huo zirudishwe lilitiwa sahihi zaidi ya 300,000 na kufikishwa Bungeni. Kamati ya Bunge iliyolishughulikia ilitoa taarifa yake mwezi Julai mwaka huo. Haikupendekeza kwamba serikali iwarudishie wanafunzi wote kwa jumla, lakini ilikiri kwamba mwanafunzi ambaye hakupewa huduma inayostahili anayo haki ya kudai.

Huenda msomaji akauliza: sisi tunaojiandaa kufundisha watoto wa shule ya msingi tunahusika vipi na madai ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo? Tunahusika sana. Chini ya madai yale limo jambo moja ambalo kila mwalimu hana budi kulikabili: kipindi kilichopotea ni deni. Wanafunzi wale wanajua kwamba wanadai, na wanajua pa kudai. Mtoto wa darasa la nne hajui.

Hapana shaka wapo watakaopinga wakisema kuwa elimu si bidhaa, na mwanafunzi si mteja dukani. Wana hoja. Kilo ya sukari ikipungua huwekwa tena katika mizani ikaongezwa. Somo halipimwi hivyo. Hata kama chuo kingerudisha kila pauni, mwanafunzi angebaki na fedha mkononi na pengo kichwani. Lakini hoja hiyo haimpi mwalimu ruhusa ya kulikana deni. Inatuonyesha tu kwamba deni letu ni zito kuliko la muuza sukari, kwa kuwa halilipiki kwa fedha. Ndiyo maana ofisi huru inayosuluhisha malalamiko ya wanafunzi wa vyuo vya England na Wales, ilipoletewa malalamiko ya mgomo ule, haikutazama tu kama mihadhara ilikosekana. Ilitazama pia chuo kilifanya nini ili kuyafidia mafunzo yaliyopotea. Pale chuo kilipokuwa kimefanya machache mno, ndipo fidia ya fedha ilipopendekezwa. Utaratibu huo una busara: kwanza rudisha somo; fedha ni kwa lile lisiloweza kurudishwa.

Nami ninalo deni la namna hiyo, na sikulilipa. Mwaka wangu wa pili kazini nilifundisha Hisabati darasa la nne lenye watoto 60. Niliugua, nikakosa siku kumi za masomo. Niliporudi nilikuta azimio la kazi limenitangulia: kugawanya kulipaswa kuwa kumekwisha, na wiki ile ilikuwa ya sehemu. Nilifanya nini? Niliandika katika shajara ya somo kwamba mada ya kugawanya imekamilika, nikaanza sehemu. Mwalimu mkuu alikagua, akatia sahihi. Mwaka uliofuata mwalimu wa darasa la tano alinijia ofisini na daftari la msichana mmoja aliyekuwa hodari wa kuzidisha. Kila palipotakiwa kugawanya, ukurasa ulikuwa mweupe. Akaniuliza kwa upole, "Mwalimu mwenzangu, hawa walifundishwa kugawanya?" Sikuwa na jibu. Vipindi kumi vya dakika 40 si vingi katika mwaka. Lakini kila mtoto kati ya wale 60 alivikosa vyote kumi, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa ananidai. Kuugua hakukuwa kosa langu. Kosa langu lilikuwa lile neno "imekamilika".

Katika Tanzania elimu ya msingi katika shule za serikali hutolewa bila ada, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini mzazi asiyelipa ada hana stakabadhi ya kuonyesha, wala hakuna pauni za kugawanya kwa idadi ya vipindi. Shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 mwezi Machi mwaka 2020, zikafunguliwa tarehe 29 Juni, watoto walirudi madarasani kimya. Hakuna aliyeleta ombi lenye sahihi. Basi asipokuwapo mdai, nani atatunza daftari la deni? Ni mwalimu mwenyewe.

Kulitunza daftari hilo si maneno matupu, ni sehemu ya mbinu za kufundisha. Kwanza, shajara ya somo iseme kweli. Kilichofundishwa kiandikwe kuwa kimefundishwa, na kilichorukwa kiandikwe kuwa kimerukwa, pamoja na sababu. Pili, urudipo baada ya kutokuwapo, usianze kwa kutazama azimio linataka nini. Anza kwa zoezi fupi la kupima watoto wanajua nini. Idadi ya vipindi vilivyopotea si kipimo cha hasara. Kipimo ni ujuzi uliokosekana. Tatu, usijaribu kufidia kila kitu kwa kukimbia. Chagua mada ambayo nyingine zinaisimamia, kama vile kugawanya kunavyosimamisha sehemu, uifundishe vizuri, na ile inayoweza kungoja ingoje. Nne, usimnyang'anye mtoto muda wake wa michezo kana kwamba yeye ndiye aliyekopa.

Liko na la tano, nalo ni chungu. Wapo walimu ambao mada iliyokosekana darasani asubuhi huifundisha jioni kwa malipo na kuiita tuisheni. Litazameni jambo hili kwa makini. Kule England anayedai fedha ni mwanafunzi aliyekosa somo. Huku anayedai fedha ni mwalimu anayedaiwa somo. Najua mshahara wa mwalimu ni mdogo, na kuutetea ni haki yake, kama wahadhiri wale walivyoitetea pensheni yao. Lakini madai hayo yapelekwe kwa mwajiri. Mtoto hakutuajiri, na mzazi wake asitozwe kwa deni lililo letu.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Enyi wanachuo, mtakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, kutatokea siku ya mvua, siku ya msiba na siku ya ugonjwa. Vipindi vitapotea, na si kila mara itakuwa kwa kosa lenu. Hakuna atakayewaandikia barua ya madai. Fungueni shajara siku hiyohiyo, mwandike kweli, na kesho yake mwanze kulipa. Nasema haya kwa sababu yule msichana sasa ni mtu mzima, na mimi sijui ni wapi tena maishani mwake alipoukuta ukurasa ule mweupe.