Magongo kabla ya kisu

Hizi sherehe za kugawa viti mwendo zinanikera, acha niseme. Picha yake mnaijua: mheshimiwa kasimama katikati, nyuma bango la mfadhili, mbele mzee kakalishwa kwenye kiti ambacho hata nailoni haijabanduliwa, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa pini. Makofi. Sogea kidogo huku mzee, tabasamu. Kesho yake gazetini. Na wenzangu wa kalamu, pamoja na bahasha zao, hakuna anayemuuliza mzee swali dogo tu: mguu wako umekwenda wapi?

Akikujibu "sukari", basi hapo kuna habari kubwa kuliko ya mheshimiwa.

Sukari ikikaa juu mwilini miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na miguu ndiyo inayotangulia kufa ganzi. Mtu anakanyaga msumari, hasikii. Kandambili inamchubua, hasikii. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya, jamani! Anakutafuna kidole na wewe unaota.

Sasa kidonda kisichouma kina balaa lake: mwenye nacho anaendelea kutembea. Na kidonda cha unyayo hakiponi kwa dawa peke yake huku kinakanyagwa, kila hatua inakifungua upya. Wataalamu wanalijua hili miaka mingi. Lazima uzito uondolewe pale kwa wiki kadhaa, pengine miezi, kwa plasta ngumu maalumu, kwa kiatu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na penye uhaba wa hivyo, kwa magongo au kiti mwendo. Kwa maana hiyo gongo ni dawa. Lilistahili kukaa dirishani pamoja na vidonge.

Hebu ipeleke hoja hii Mabamba, kule Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi. Nchi ya milima, watu wanaishi kwa jembe. Mama mkulima anasafishwa kidonda, anafungwa bandeji, anaambiwa "usikanyage". Halafu? Ataruka kwa mguu mmoja mpaka nyumbani? Maji nani atachota, maharage nani atapalilia? Atakanyaga. Kidonda kitaingia mfupani, mguu utaoza, na atasafirishwa kwenda kukatwa, Kibondo mjini au mpaka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, Kigoma. Ndipo sasa anastahili kiti cha msaada na picha!

Mguu bandia nao una safari yake. Chuo kinachofundisha mafundi wake, TATCOT, kipo KCMC Moshi, upande wa pili kabisa wa nchi.

Sheria tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini yule mama wa Mabamba bado ana miguu miwili, kwa hiyo machoni pa wagawaji si mlemavu. Inabidi kwanza apoteze mmoja ndipo aingie kwenye orodha. Nani alipanga hesabu hizi?

Na hicho kiti chenyewe... vigurudumu vidogo vya mbele, vya kuteleza kwenye korido za hospitali. Kiweke kwenye utelezi wa Mabamba mwezi wa tatu uone kitafika wapi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 likasema kiti kilingane na mtu na mazingira yake. Kwenye makontena ya misaada nadhani mwongozo huo haukupakiwa.

Utaniambia nchi maskini. Sikubali. Tanzania na India ndiko ulikoanzia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa Step by Step wa kufundisha madaktari na wauguzi kukagua na kutibu miguu ya wenye kisukari. Tulikuwa mbele! Kukagua ganzi kwenyewe kunatumia kipande cha uzi wa plastiki.

Na magongo? Fundi seremala yeyote wa Mabamba anayaweza, hahitaji zabuni wala kontena. Mti mgumu, kishikio usawa wa kifundo cha mkono, kichwa cha gongo kiishie vidole viwili au vitatu chini ya kwapa ili uzito ubebwe na mikono, na chini kipande cha tairi kisiteleze. Halmashauri imlipe afanye jozi ishirini, zikae zahanati, mgonjwa aazime na kurudisha akipona. Mheshimiwa akitaka kupigwa picha na jozi ya ishirini na moja, ruksa.