Visby Haitaki Basi

Saa mbili asubuhi, katikati ya Juni, meli ya kitalii inafunga kamba kwenye gati la Visby, mji wa pwani ya magharibi ya kisiwa cha Gotland nchini Uswidi. Chini ya ngazi mabasi yamekwisha kujipanga. Abiria wanashuka na tiketi mkononi, kila mmoja akitafuta namba yake: hawa wanakwenda kwenye pango la Lummelunda, wale wanazungushwa kisiwani kutazama mashamba na kondoo, wengine wana safari ya kaskazini kabisa, hadi kisiwa cha Fårö. Saa kumi na moja jioni meli inang'oa nanga. Ukitoa foleni ya kushukia na ile nusu saa ya kurudi mapema, msafiri amebakiwa na saa saba au nane.

Saa hizo zinaharibika kirahisi sana. Kutoka gatini hadi kwenye ukuta wa mji wa kale ni mwendo wa miguu wa robo saa, na ndani ya ukuta huo kuna mji mzima wa karne ya 13 ambao mtu anaweza kuuvuka kutoka kusini hadi kaskazini kabla chai yake haijapoa. Kumpakia mgeni kwenye basi, kumpitisha nje ya mji huu kwa saa tatu, kisha kumrudisha amebakiwa na dakika arobaini za kununua sumaku ya kubandika kwenye friji, ni kumnyima kitu alichokisafiria. Siku ya Visby ni siku ya kutembea. Tena ni ya kutembea na swali moja kichwani: mji mdogo hivi ulipata wapi utajiri wa kujenga ukuta mkubwa kiasi hiki, na utajiri huo ulikwenda wapi?

Swali hili sasa linawahusu wengi kuliko zamani. Hadi 2018 meli kubwa zilitia nanga nje, abiria wakaletwa ufukoni kwa boti ndogo, na upepo ukichafuka meli ilipita tu bila kusimama. Mwaka huo gati jipya la meli za kitalii likafunguliwa. Kisha, kuanzia 2022, vita vya Ukraine vilipozifanya kampuni za meli kuacha kwenda St. Petersburg, iliyokuwa kilele cha safari za Bahari ya Baltiki, bandari ndogo za bahari hiyo zikapata nafasi kubwa zaidi katika ratiba. Visby yenyewe ina wakazi 25,000 hivi. Meli mbili zikifika siku moja, vichochoro vyake vinajua.

Kwa hiyo saa ya kwanza ndiyo ya dhahabu. Msafiri akiwahi kushuka, apite bustani ya Almedalen iliyo kando ya bahari, aingie vichochoroni moja kwa moja wakati maduka bado yamefungwa. Fiskargränd, uchochoro wa wavuvi, una nyumba fupi ambazo waridi hupanda kuta zake hadi karibu na paa, na saa hiyo hukutani na mtu isipokuwa mwenyeji anayemwagilia maua yake. Hapo ni nyumbani kwa watu, wala si mandhari ya picha. Mgeni anayeweka uso dirishani ili achungulie sebule ya mwenzake anafanya jambo ambalo asingependa kufanyiwa mtaani kwao.

Kuta za hapa zinastahili kuguswa. Gotland ni kisiwa cha mawe ya chokaa, na chokaa hiyo ni mabaki ya miamba ya matumbawe iliyoota katika bahari ya joto, karibu na ikweta, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Ukisogeza jicho karibu na jiwe utaona vipande vya viumbe vya baharini vilivyogandamana humo. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Unguja, aliyekulia kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, yuko Kaskazini ya mbali mbele ya ukuta uliotokana, kama wa kwao, na kazi ya viumbe wa baharini.

Makumbusho ya Gotland, kwenye mtaa wa Strandgatan, yakifunguliwa, hapo ndipo pa kuingia kabla ya kitu kingine chochote. Kiswahili kina neno moja, fedha, kwa madini na kwa pesa, na hakuna chumba kinachoonyesha kwa nini kuliko kile chenye hazina ya Spillings. Iligunduliwa mwaka 1999 katika shamba la Spillings, karibu na Slite, kaskazini mashariki mwa kisiwa: kilo 67 za fedha, yaani bangili, vipande vilivyokatwa kwa kupimwa, na sarafu zaidi ya 14,000. Karibu sarafu zote ni dirhamu za nchi za Kiislamu. Ile mpya kuliko zote ilipigwa mwaka 870 au 871, hivyo hazina ilifukiwa baada ya hapo.

Hapa msafiri asiwe na haraka. Ainame mbele ya kioo, achague sarafu moja. Ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na maandishi yake ni ya Kikufi, herufi zimenyooka bila nukta. Aliyepitia chuoni utotoni mwake akitulia kidogo ataanza kuisoma mistari ya katikati: la ilaha illa Allah. Zilivukaje hizi kutoka nchi za ukhalifa wa Baghdad hadi shamba la Baltiki? Zilipanda mito ya Urusi mkono kwa mkono, na upande wa pili zikateremka ngozi za manyoya na watumwa. Wakati uleule bandari za Waswahili nazo zilikuwa zikifanya biashara na ulimwengu huohuo wa Kiislamu kwa njia ya bahari. Baadaye kidogo, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, watawala wa Kiswahili walipigisha sarafu zao wenyewe za fedha, na zaidi ya 2,000 zilifukuliwa pamoja mwaka 1984. Ncha mbili za biashara ambazo hazikujuana, na zote mbili zilitumia pesa zenye herufi za Kiarabu.

Lakini hazina ya Spillings ilipatikana shambani, si mjini, na ndani ya jambo hilo kuna nusu ya jibu la swali lile la utajiri. Wafanyabiashara wa kwanza wa Gotland walikuwa wakulima wenye vyombo vyao vya baharini, na mali ilitawanyika kisiwa kizima. Ndiyo sababu hadi leo kuna makanisa zaidi ya 90 ya enzi za kati katika vijiji vyake. Kisha wakaja Wajerumani wa miji iliyoungana katika umoja wa biashara wa Hansa, wakahamia Visby, na mji ukaanza kuuvuta utajiri upande wake. Kanisa lao, Mtakatifu Maria, liliwekwa wakfu mwaka 1225. Katika karne hiyohiyo mji ukajizungushia ukuta.

Ukuta huo una urefu wa karibu kilomita tatu na nusu, na minara 27 kati ya ile mikubwa 29 bado imesimama. Waongozaji wengi husema ulijengwa kuzuia maadui, wakaishia hapo. Msafiri aulize: maadui gani? Atoke mjini kwa lango la mashariki, Österport, asimame upande wa nje wa ukuta na aitazame minara mirefu ilivyoelekezwa nchi kavu, kwa wakulima wa kisiwa hichohicho. Mwaka 1288 watu wa mjini na watu wa mashambani walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, mpaka mfalme wa Uswidi Magnus Ladulås akaingilia kati.

Kilichofuata kinasimuliwa na msalaba wa mawe uitwao Korsbetningen, mwendo mfupi nje ya ukuta, upande wa kusini mashariki. Watu wa mabasi hawafikishwi hapo mara nyingi, kwa sababu hakuna cha kununua. Tarehe 27 Julai 1361 jeshi la mfalme Valdemar Atterdag wa Denmark lilikutana hapa na wakulima wa Gotland na kuwaua kwa wingi, 1,800 kwa makadirio yanayotajwa zaidi. Malango ya mji yalikuwa yamefungwa. Watu wa Visby walibaki ndani, na siku mbili baadaye wakapatana na mfalme na kuhifadhi haki zao za biashara. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua makaburi ya halaiki mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta wazee na vijana wadogo. Wengi walizikwa na kofia zao za deraya zikiwa bado kichwani. Julai ilikuwa ya joto, na inaelekea waliowazika hawakuweza kuwavua. Fuvu moja la namna hiyo, limefunikwa na pete za chuma zilizoshikana kwa kutu, liko kwenye makumbusho yaleyale ya asubuhi. Aliyeliona kisha akafika kwenye msalaba hahitaji mwongozaji wa kumweleza anachokanyaga.

Baada ya hapo ni chakula, na hili nalo ni suala la kupangwa. Meli ina chakula kilicholipiwa, na abiria wengi hurudi kula bure halafu hawashuki tena. Mji uliowapokea unabaki na uchakavu wa mawe yake na hauambulii kitu. Anayeitazama Visby kwa heshima ale ndani ya ukuta. Aagize saffranspannkaka: wali uliopikwa kwa maziwa hadi ukawa uji mzito, ukachanganywa na mayai, lozi na zafarani, ukaokwa, ukakatwa vipande vya mraba vya manjano. Huliwa vuguvugu kwa krimu na jamu nyeusi ya matunda madogo yaitwayo salmbär. Kwa Mswahili ulimi utakumbuka vyakula vya nyumbani mara moja, maana viungo vyake vikuu, mchele na zafarani, asili yake si Gotland. Vimefika kwa meli. Malipo ni kwa krona ya Uswidi wala si kwa yuro, na kadi ni lazima, maana maduka mengi hayapokei noti kabisa.

Mchana ubaki kwa magofu. Mwaka 1525 watu wa Lübeck, mji mwenza wa Hansa, waliishambulia Visby na kuichoma moto. Biashara ilikuwa imekwisha kuhama, na fedha za kujenga upya hazikuwapo. Makanisa yakaachwa yaanguke, likasalia la Mtakatifu Maria tu, ambalo sasa ni kanisa kuu. Ndiyo nusu ya pili ya jibu: mji uliotajirika ungebomoa ya kale na kujenga mapya, lakini Visby haikuwa na uwezo wa kubomoa. Mwaka 1995 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kanisa la Mtakatifu Karin, kando ya uwanja mkuu, halina paa, na matao yake yamebaki yamepinda hewani kama mbavu. Aliye na muda wa gofu moja aingie hili, aketi, atazame juu.

Wapo wa kuonewa huruma katika mpango huu wa miguu, na wao wasilazimishwe. Mji umekaa juu ya mteremko mkali, mawe ya barabarani yanateleza mvua ikinyesha, na mzee mwenye goti bovu atateseka. Huyo achukue teksi hadi lango la mashariki, juu, kisha ateremke polepole kuelekea baharini. Ngazi za kando ya kanisa kuu aziache. Mwenye magoti mazima, kinyume chake, azipande hizo ngazi mara moja walau, maana kileleni anaipata Visby yote kwa mkupuo: paa za vigae vyekundu, minara myeusi ya kanisa, bahari.

Na Fårö? Wapenzi wa filamu wanaitamani kwa sababu ya mwelekezi Ingmar Bergman, aliyeishi na kuzikwa huko. Lakini ni karibu saa nzima ya gari kutoka Visby, kisha pantoni, kisha vivyo hivyo kurudi, na meli haimsubiri aliyekwama kwenye foleni ya pantoni. Fårö apelekwe anayelala Gotland siku tatu, aliyefika kwa feri ya kutoka Nynäshamn.

Saa kumi jioni arudi Almedalen na aketi ukingoni mwa kidimbwi chenye bata. Mwaka 1968 mwanasiasa Olof Palme alihutubia hapa akiwa juu ya bodi ya lori, na kila kiangazi vyama vya siasa vya Uswidi bado hukusanyika kwenye bustani hii. Karibu unasimama Kruttornet, mnara mzee kuliko ukuta wenyewe, uliojengwa kulinda mlango wa bandari. Bandari hiyo ndiyo kidimbwi hiki na nyasi zinazokizunguka. Hapa ndipo vyombo vya Hansa vilipofunga kamba, kabla mchanga na karne havijaijaza. Kutoka hapo alipoketi meli iliyomleta inaonekana wazi, na bado ana robo saa ya kutembea hadi kwenye ngazi yake.