Mtambo wa Akiba na Nakala Isiyojaribiwa

Fundi wa kuchomelea vyuma wa Vingunguti, wilayani Ilala, hahitaji kujua hifadhidata ni kitu gani ili kazi yake iitegemee. Anunuapo umeme kwa simu hupewa tarakimu 20 za kuingiza katika mita ya LUKU. Tarakimu hizo hutoka katika kompyuta iliyo mbali naye, na kompyuta hiyo ikinyamaza, kazi yake husimama mara salio linapokwisha. Mei 2021 mfumo wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza baadhi ya wakuu wa TEHAMA wa TANESCO wasimamishwe kazi. Pengine adhabu ina mahali pake; lakini haimfundishi mtu yeyote namna ya kuurudisha mtambo ulioanguka.

Taasisi nyingi hujivunia kuwa na mitambo miwili, mkuu na wa akiba. Fahari hiyo yahitaji kupimwa. Mtambo wa akiba husoma daftari la mabadiliko linaloandikwa na mtambo mkuu, ukarudia kila tendo kama lilivyo. Karani akifuta kwa makosa majina ya wateja 1,000 upande mmoja, upande wa pili hufuta vilevile kwa utii. Kinachookoa hapo ni nakala ya jana iliyowekwa kando. Tena, mtambo wa akiba ukibaki nyuma mno, na kurasa usizozisoma zikawa zimekwisha kuondolewa kwenye mtambo mkuu ili kupata nafasi, hauwezi kuendelea. Hauna budi kujengwa upya: hurejeshwa kwanza nakala kamili, kisha husomwa kwa mfuatano kurasa zote zilizoandikwa tangu nakala hiyo ilipoanza kuchukuliwa, mpaka mtambo huo umfikie mwenzake. Ukurasa mmoja ukikosekana, safari huishia hapo.

Muda huo wa ujenzi ndio wa hatari kuliko wote, kwa kuwa mtambo uliobaki hai ni mmoja tu. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu wa nchi nyingi, ilikuwa katika hali hiyo. Mhandisi alikusudia kufuta data za mtambo wa akiba ili aujenge upya, akaiandika amri katika mtambo mkuu. Alipotambua, sekunde moja au mbili baadaye, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Zikatafutwa nakala za kila siku, hazikuwapo. Programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilopatana na hifadhidata, ikawa inashindwa kila mara, na barua pepe za kutangaza kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichookoa ni nakala moja aliyoichukua mhandisi huyohuyo takriban saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Kuihamisha peke yake kulichukua muda wa saa 18 hivi, kwani diski zilikuwa za polepole, na yaliyoandikwa katika zile saa sita yakapotea. Yafaa kusifu kwamba kampuni iliyatangaza yote hayo hadharani, ikachunguza taratibu zake badala ya kumwandama mtu.

Jenereta ya ofisi huwashwa mara kwa mara hata umeme usipokatika, na hakuna anayeona ajabu. Mbona nakala ya hifadhidata hufungiwa kabatini miaka nenda, miaka rudi, bila kufunguliwa? Wapo watakaolia gharama. Zoezi la kurejesha halidai mtambo mwenye kasi. Kompyuta kuukuu yenye diski ya kutosha yafaa, na likifanyika kila miezi mitatu halitafilisi shirika. Lifanywe na mtumishi mgeni akifuata maelekezo yaliyoandikwa, kwa sababu mjuzi huweza kuwa likizo siku ya maafa. Folda la zamani lisifutwe. Libadilishwe jina tu, lingoje hadi mtambo mpya uthibitike. Na katika ripoti ya mwaka ya kila taasisi ya umma, pamoja na mapato na matumizi, waziri aulize mambo mawili: nakala ya mwisho ilirejeshwa tarehe gani, na ilichukua saa ngapi.