Vakansi kubwa: watu wa Bulaya walete watoto, wapunguze valizi

Kila mwaka, mwezi wa saba na wa nane, kwenye daraja la Rusizi na kwenye bariera za Goma huonekana jamaa ambazo ni rahisi kuzitambua. Baba ameshika paspoti tano, mama anahesabu valizi, na watoto wamesimama kando wakitazama simu, kwa sababu kati ya watu wote wanaopunga mikono ng'ambo hawajui ni yupi shangazi yao na ni yupi mwenye kuuza vitenge. Ni watu wa Bukavu, Goma na Uvira waliohamia Brussels, Liège, Paris au Montréal, na wamekuja kusalimia.

Kama vakansi hii wamekuwa wachache, hakuna wa kushangaa. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Ndege za abiria hazitui tena Goma wala Kavumu. Mwenye kutaka kufika Bukavu anatua Kigali, kisha anamaliza saa tano au sita barabarani kupitia msitu wa Nyungwe. Wa Butembo anapitia Entebbe na Kasindi. Wengine wameamua kumvusha koko hadi Gisenyi ili awaone wajukuu kwa siku mbili katika nyumba ya kupanga, au kumpandisha basi hadi Kampala, safari ndefu kwa mtu mwenye magoti yanayouma. Mzazi anayeogopa kumleta mtoto katika mji wenye bunduki hawezi kulaumiwa.

Lakini vita haielezi yote. Zamani, wakati ndege zilikuwa zinatua, jamaa nyingi zilikuwa zimekwisha kuacha kuja. Ukiwauliza, watataja tiketi. Kweli tiketi tano ni mzigo, ila ni mzigo wenye namba: mtu anaijua bei, anaweka kidogo kidogo, mwaka wa pili au wa tatu anailipa. Kinachowashinda ni bei nyingine, ambayo haikuandikwa popote.

Ihesabiwe basi. Kampuni nyingi za ndege zinazokuja Afrika zinaruhusu valizi mbili za kilo 23 kwa kila mtu. Baba, mama na watoto watatu wana valizi kumi, yaani kilo 230. Nguo za wote watano zinaingia katika mbili. Nane zinazobaki ni za watu: viatu vya watoto wa baba mdogo, simu ya mjomba, nywele na manukato ya mashemeji, dawa ya presha ya jirani aliyemlea baba akiwa mdogo, kompyuta ya binamu aliye chuo kikuu, suti ya yule atakayeoa mwezi wa kumi na mbili. Orodha inaanza kuingia kwenye kundi la WhatsApp la jamaa tangu mwezi wa tano. Kule Ubelgiji solde za kiangazi zinaanza mwanzo wa mwezi wa saba, na mama wa kwetu anakimbia huko siku ya kwanza na karatasi yenye vipimo vya miguu ya watu ambao wengine hajawahi kuwaona.

Kisha wanafika, na zinaanza bahasha. Mtu aliyekaa miaka sita bila kuja amekosa matanga mengi. Desturi inamtaka aende kila nyumba iliyofiwa, akae, asikilize namna mgonjwa alivyougua na maneno aliyoyasema mwisho, alie kama machozi yapo, na kabla ya kusimama aache kitu. Ni desturi nzuri, tena ni sehemu ya safari ambayo wengi wanaikumbuka zaidi wakirudi. Ila nyumba kumi na mbili ni bahasha kumi na mbili. Anayepewa dola ishirini anajua tayari kwamba nyumba ya juu walipewa hamsini, na kufikia jioni Kadutu yote inajua. Zikiwa na mpasuko mdogo pembeni, dola zenyewe zinarudishwa, maana kwetu noti iliyochanika kidogo haina mwenye kuipokea, jambo ambalo mtu wa Bulaya husahau kila mara.

Baada ya bahasha inafuata parsela. Karibu kila baba anayerudi ana kiwanja alichonunua kwa kutuma pesa, na karibu kila kiwanja kina maneno. Msingi umesimama pale pale. Simenti iliyolipwa haionekani. Jirani amesogeza ukuta, au ndugu aliyeachiwa karatasi amezitoa rehani. Basi kati ya siku kumi na nne, tano au sita zinaishia kwa wapima ardhi, kwa mkubwa wa avenue na kwa avoka. Watoto wanabaki nyumbani na televisheni. Wakirudi shuleni wataulizwa waliona nini Afrika, na kwa kweli wataeleza sebule.

Ni rahisi kuwatupia lawama walio hapa na kuwaita waombaji. Haitoshi. Hakuna mtu wa Bukavu aliyejiamshia asubuhi moja wazo kwamba Bulaya pesa haiishi. Ameonyeshwa. Ameona picha ya ndugu yake mbele ya gari, na hakuambiwa kuwa gari ni la mwajiri. Amemwona akikodi jeep kwa siku kumi, akilipa bia za meza tatu, akigawa noti bila kuhesabu. Hakuambiwa kwamba dada yake husafisha ofisi kabla jua halijachomoza, kwamba kodi ya nyumba inakula karibu nusu ya mshahara, kwamba safari hii yenyewe imelipwa na deni la benki litakaloisha vakansi ijayo. Mwenye kuficha umaskini wake kwa miaka kumi hana haki ya kukasirika akiombwa kama tajiri.

Na kuna jibu moja ambalo haliwezi kupitwa haraka. Watu wa hapa watasema: mwaka huu siyo wa kuongea habari ya kupunguza. Benki za Goma na Bukavu zimefunga milango, mwenye akiba anaitazama kwenye karatasi, biashara zimelala, nyumba nyingi zimerudi kula mara moja kwa siku. Ndugu akifika na mkono mtupu katika hali hii, amekuja kufanya nini?

Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayoonyesha kosa liko wapi. Njaa haifuati kalenda ya shule za Ubelgiji. Mwenye njaa anayo mwezi wa pili na mwezi wa kumi pia, na makuta yanapita kwenye simu kila siku, hata benki zikiwa zimefungwa. Kilichoharibika ni kufunga msaada na salamu katika fungu moja, hadi mtu asiye na msaada akaona aibu kuja kusalimia. Tazama tu minervali. Shule ya msingi ya serikali haina malipo tangu 2019, lakini sekondari bado inalipwa, na pesa inatafutwa Septemba. Ndugu wa Bulaya Septemba amekwisha kurudi, mifuko imekauka, simu haipokei. Dola mia mbili zilizoishia kwenye manukato na bia za Agosti zingemweka mtoto darasani. Jamaa zenye busara, nazo zipo, zimetenganisha mambo haya mawili: msaada unatumwa mwaka mzima kwa simu, kidogo kidogo, kwa shida inayojulikana, anayekuja Agosti anakuja kuonana na watu. Matanga anayafanya yote. Bahasha ni moja, inawekwa kwa mkubwa wa jamaa mbele ya wote, na yeye ndiye anayejua nani hana sukari.

Faida yake haiko kwa baba. Yeye alikulia hapa, hata asipokuja miaka ishirini atajua njia ya kwao. Iko kwa mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye koko wake ni uso katika simu, uso unaokatikakatika intaneti ikiwa mbaya. Anaongea Kifaransa, koko anaongea Mashi na Kiswahili, na kati yao anasimama baba akitafsiri, huku akiruka yale yanayomchosha. Jina analobeba ni la babu wa baba yake, lakini hajui huyo alikuwa nani wala kaburi liko kilima gani. Hivyo haviwezi kutumwa kwa WhatsApp. Vinaingia taratibu, mtu akichagua maharage pamoja na koko, akipelekwa sokoni na binamu wa rika lake, akichekwa kwa kusema "muti" akitaka kusema "mutu", akila sambaza na vichwa vyake mara ya kwanza kwa kuogopa na mara ya tatu bila kuangalia. Siku za mwanzo atalia, atauliza lini wanarudi. Siku ya tisa hivi huwa ameacha kuuliza. Kwa sababu hiyo safari ya siku kumi na nne ambazo nusu yake ni avoka haifai kitu, na hoteli yenye kisima cha kuogelea haifai zaidi. Mtoto alale nyumba ya koko, hata kama maji yanaletwa na bidoni. Tena mwezi wa nane ni kiangazi, bomba nyingi za Bukavu zimekauka hata kwa wenye majumba.

Jambo moja wazazi wasilifanyie uzembe. Mtoto aliyezaliwa Bulaya hana kinga yoyote ya malaria, na hata baba aliyekulia Uvira akiumwa kila mwaka amekwisha kuipoteza kinga yake kwa kukaa mbali. Madaktari wa Ulaya wanajua kwamba wanaorudi kusalimia jamaa hupata malaria kuliko watalii, kwa sababu mtalii anaogopa na kumeza dawa, mwenye kwao anasema "damu yangu inaijua." Kabla ya kununua viatu vya binamu, inunuliwe dawa ya kinga na chandarua. Homa yoyote baada ya kurudi, hata mwezi ukipita, daktari aambiwe mtoto alikuwa wapi.

Sehemu nyingine ya bei inawekwa na serikali, na hapo jamaa hawana la kufanya. Ibara ya 10 ya katiba ya 18 Februari 2006 inasema uraia wa Congo ni mmoja tu, haushikwi pamoja na mwingine. Sheria ya uraia ya 12 Novemba 2004 ilikwisha kusema hivyo. Mtu wa Bagira aliyechukua uraia wa Ubelgiji ili apate kazi bila kusumbuliwa, mbele ya sheria ni Mbelgiji, na ili amwone mama yake lazima aombe viza. Viza kwa kila kichwa, hata kwa mtoto anayebebwa. Mara nyingi inatakiwa pia barua ya mwaliko yenye muhuri, yaani mama wa miaka themanini anatafutiwa ofisi ya kumwalika mtoto aliyemzaa mwenyewe. Anayepita Kinshasa au Lubumbashi analipa tena Go-Pass, iliyoanza 2009, ili aruhusiwe kuondoka. Wakubwa wa inchi wakienda Brussels wanawaita watu hawa "ndugu zetu wa diaspora" na kuwaomba waje kujenga. Kwenye ambasadi ndugu hao wanapanga foleni na watalii.

Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya zote zinaruhusu raia wao kushika uraia wa pili. Congo haihitaji kufika huko kwa mara moja, na pengine isijaribu sasa. Huku mashariki neno uraia linawasha moto haraka. Sheria ya 1981 iliacha vidonda ambavyo bado vinatoa damu, na hakuna mwenye akili atakayetaka kuufungua mjadala huo wote kwa ajili ya vakansi. Kuna njia nyembamba zaidi. Ethiopia nayo inakataa uraia mbili, lakini tangu sheria ya 2002 inawapa watu wenye asili ya Ethiopia waliochukua uraia wa kwingine kadi maalum. Mwenye kadi anaingia bila viza, anakaa, anafanya kazi. Hapigi kura, hawi waziri. Hakuna anayeweza kusema kadi hiyo inauza inchi.

Kadi ya namna hiyo haigusi ibara ya 10. Mtoto wa Liège angeipata kwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha baba yake, angeitumia vakansi baada ya vakansi, na pesa ya viza tano ingenunua tiketi ya mtoto mmoja anayeachwa nyumbani kwa sababu hesabu haikutosha. Kikao cha Bunge kinafunguliwa tarehe 15 Septemba. Kikao hicho ni cha bajeti hasa, lakini katiba inamruhusu mbunge hata mmoja kuweka mezani pendekezo la sheria, na wabunge wa Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, ambao leo wengi wao wanaishi mbali na waliowachagua, wanajua vizuri maana ya kumwona mama kwenye simu.