CHUO KIKUU KISIISHIE LANGONI

Kila mwaka, siku zinapokaribia Tarehe Sita ya Februari, wananchi huwaona askari wao wakifagia hospitali, wakitengeneza madarasa na kuwatibu wagonjwa bila malipo. Huduma hiyo ni njema, wala hakuna askari mwenye akili anayedhani kwamba zahanati iliyofagiwa mara moja kwa mwaka imekwisha kupona. Swali ninalolileta leo, ndugu msomaji, linawahusu jirani zetu wenye majoho. Je, wao wana mwezi gani?

Mashariki ya Uganda haina uhaba wa vyuo. Mbale kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988. Kuna pia kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, chuo kilichoanzishwa mwaka 2007. Shule ya Biashara ya Makerere ina matawi Jinja na Mbale pia. Wala wazo la msomi kutoka nje ya ua si geni kwetu. Mwaka 1953 Makerere ilianzisha idara maalumu ya kuwafundisha watu wazima nje ya chuo, na mwaka 2003 ikaweka mpango wa kuwapeleka wanafunzi wake wa udaktari na uuguzi wajifunze vijijini. Kwa hiyo njia ipo; kinachotakiwa ni kuipita mara nyingi zaidi, na katika mambo mengine yasiyokuwa dawa.

Chukua habari ya miwa ya Busoga. Kiwanda cha Kakira, alichokianzisha Muljibhai Madhvani mwaka 1930, hununua miwa pia kwa wakulima wa kandokando. Muwa huchukua takriban miezi 18 kukomaa. Mwenye ekari mbili akizipanda zote miwa, hukaa muda huo wote hana mhogo shambani wala fedha mfukoni. Hapo hukopa, na mara nyingi huiuza miwa ikingali michanga kwa bei ya mkopeshaji. Mtoto wake huacha shule akaenda kukata miwa, kwa kuwa panga humlipa leo, na darasa litamlipa baada ya miaka kumi. Serikali iliondoa ada ya shule za msingi mwaka 1997, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini daftari, sare na chakula cha mchana bado humtazama mzazi usoni.

Sasa nauliza: ni nani anayefaa zaidi kumfundisha mkulima huyo kusoma mkataba, kuhakiki stakabadhi ya mizani na kupiga hesabu ya riba kabla hajatia dole gumba? Si mwanafunzi wa biashara aliye mjini Jinja, anayekesha akikariri hesabu za makampuni ya mbali? Mzazi akijua kwamba ekari moja ya chakula ingemwokoa na deni, hatamtoa mwanawe darasani. Mimi naona hapo ndipo elimu inapoukata umaskini katika shina.

Mbale nako kuna kazi. Mwaka 2010 mlima uliporomoka Bududa ukafukia watu wengi, na Julai 2022 mafuriko yakaivamia Mbale yenyewe. Askari walikwenda Bududa na sepetu, wakachimba. Lakini askari huitwa mlima ukiisha kuanguka. Msomi wa udongo na miti alipaswa kuwa amefika zamani, akikaa na mkulima wa kahawa kwenye mteremko wake.

Watakuwapo watakaosema kwamba mwanafunzi amekuja kusoma, hakuja kutoa sadaka. Hoja hiyo haina uzito. Hospitali ya Mbale ilikuwa miongoni mwa hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania zilizoshiriki utafiti wa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Matokeo yake, yaliyotolewa mwaka 2011, yalionyesha kwamba kuwatilia maji mengi ya mishipa kwa haraka kuliongeza vifo. Madaktari wa dunia nzima walipata somo kutoka wodi zetu. Basi anayekwenda kijijini huenda kusoma vilevile.

Lakini asiende kwa wiki moja na karatasi ya maswali ya Kiingereza, akapiga picha, akatoweka. Mzee wa Kisoga au wa Kimasaba hujibu kwa adabu, hata asipoelewa. Kiswahili kilitajwa katika Katiba kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Masokoni kinasikika, kambini ndicho tunachoamrishana, na vyuoni nacho kingefaa kutoka kwenye makabati.

Pendekezo langu ni kwamba kila kitivo kikabidhiwe gombolola moja kwa miaka kumi. Wanafunzi wabadilike, mahali pasibadilike. Matokeo ya kila utafiti yasomwe barazani kwa lugha ya wenyeji kabla hayajafungiwa maktabani, na mwenyekiti wa kijiji pamoja na mwalimu mkuu wawe na sehemu katika maksi za mwanafunzi. Kazi ianzie katika shule moja ya msingi karibu na Kakira, katika msimu wa kukata miwa, na hesabu ya kwanza iwe ya madawati yasiyo na watoto.