Bei Inayonadiwa Siyo Bei Inayolipwa

Neno mnada lilitufikia kutoka Kiarabu, na kiini cha maana yake ni kuita kwa sauti. Anayenadi huitaja bidhaa, huitaja bei, na huwaita watu waje washindane. Kwa asili yake, basi, mnada ni biashara ya uwazi: bei haipatanwi kichochoroni bali hutangazwa mbele ya kadamnasi, na kila mwenye masikio husikia. Ni kwa sababu ya sifa hiyo ambapo mahakama, benki na hata serikali yenyewe huuza mali kwa njia ya mnada. Swali ninalotaka tulijadili leo ni hili: je, bei inayonadiwa katika minada yetu ya magari yaliyokwisha kutumika ni bei kweli, au ni kipande tu cha bei?

Suala hili linawagusa walimu kwa namna ya pekee. Kurasa za matangazo katika magazeti yetu hazikosi orodha ya magari yaliyotwaliwa kutoka kwa watu walioshindwa kulipa mikopo. Mwalimu aliyechukua mkopo katika chama chake cha akiba, akakusudia kupata gari la kumfikisha shuleni na kurudi, huziona orodha hizo kama mlango wa nafuu. Ana haki ya kuona hivyo, kwa maana mlango wa pili, yaani kuagiza gari kutoka Japani, umezidi kuwa mwembamba.

Hebu tuutazame mlango huo wa pili kwanza, maana nao ni somo la namna bei ya kwanza inavyozaa bei nyingine. Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari yanayoingizwa nchini kutoka asilimia 25 hadi asilimia 35. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezewa ushuru wa forodha, kisha ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, wa asilimia 16 hutozwa juu ya jumla hiyo yote. Chukua gari dogo ambalo ushuru wake wa bidhaa ni asilimia 20. Kila shilingi 100 za thamani ya forodha huwa 135, kisha 162, kisha karibu 188, na hapo bado hujalipa ada ya tamko la uingizaji bidhaa wala tozo ya ujenzi wa reli. Isitoshe, Mamlaka ya Ushuru, KRA, haianzii hesabu yake katika bei uliyonunulia mnadani Japani. Huanzia katika orodha yake yenyewe ya bei za magari mapya, ikapunguza kwa kadiri ya umri wa gari. Aliyepata gari kwa bei ya kutupa kule ng'ambo hapati nafuu iyo hiyo bandarini Mombasa.

Haishangazi, basi, kwamba wengi hugeukia mnada wa hapa nyumbani, wakiamini kuwa gari ambalo ushuru wake ulikwisha kulipwa halina tena la kudaiwa. Hapo ndipo penye mtego.

Gharama za mnada huja kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza hutangulia nyundo. Hili ni amana ambayo mnunuzi huweka ili apewe nambari ya kushindania, na pengine ada ya kuingia kuyakagua magari. Amana hurejeshwa kwa aliyeshindwa. Kwa aliyeshinda kisha akakosa kumaliza malipo, masharti mengi husema kwamba imepotea. Fungu la pili huja pamoja na nyundo. Ni kamisheni, pale ambapo masharti yanamtwika mnunuzi mzigo huo, pamoja na VAT ya kamisheni hiyo. Fungu la tatu hufuata nyundo, nalo ndilo lenye watoto wengi: ada ya yadi kwa kila siku gari linapolala pale baada ya muda uliowekwa, gharama ya kulivuta ikiwa haliwaki, ufunguo uliopotea, betri iliyokufa, ada ya kuhamisha umiliki katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, ambayo hupanda kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na bima ambayo bila yake sheria haikuruhusu kulitia gari barabarani.

Nitoe mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Tuseme mwalimu ana shilingi 600,000 taslimu, wala hana nyingine. Masharti ya mnada yanataka kamisheni ya asilimia 5 pamoja na VAT yake, yaani jumla ya asilimia 5.8 ya bei ya nyundo. Tuseme pia kuvuta gari ni 8,000, yadi ni 5,000, ufunguo na betri ni 22,000, na uhamisho wa umiliki, ukaguzi na bima ni 25,000. Jumla yake 60,000. Akitaja shilingi 600,000 na nyundo ikamwangukia, gari hilo litamgharimu 694,800. Amepungukiwa na 94,800, na huenda amepewa siku chache tu za kuzitafuta. Asipozipata, amana imekwenda, gari litanadiwa upya, na mkopo wa chama utaendelea kukatwa katika mshahara wake mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya gari asilokuwa nalo.

Mwenye busara huianza hesabu mwishoni. Kutoka 600,000 huondoa kwanza zile 60,000 zisizobadilika, zikabaki 540,000. Kisha hugawanya kwa 1.058 ili kuipatia kamisheni nafasi yake. Jibu ni 510,397. Kwa hiyo ukomo wake mnadani ni 510,000, si shilingi zaidi. Mshindani mwingine akitaja 520,000, mikono yake na iende mifukoni na midomo ifungwe.

Sasa naomba tulitafakari jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha suala zima. Dukani, mnunuzi asiyejua hesabu hujidhuru peke yake. Mnadani hali ni tofauti, kwa kuwa anayeshinda ni yule aliyetaja bei ya juu kuliko wote. Kati ya watu kumi wenye uwezo uleule na haja ileile, nani atakayetaja bei ya juu? Ni yule aliyesahau ada. Wale tisa waliopiga hesabu watasita kwenye 510,000, naye atawapita akichekelea. Kwa maneno mengine, mnada wenye gharama zilizofichika humtafuta mtu aliyeelewa kidogo kuliko wenzake, ukamvika taji la ushindi. Na wale tisa nao wamedhurika, maana wamelikosa gari kwa sababu tu walisoma masharti. Lau wote wangezijua ada tangu mwanzo, wote wangeteremsha bei zao, na uzito wa ada ungemwangukia muuzaji. Ada iliyo wazi hupunguza bei ya nyundo. Ada iliyofichwa huongeza mzigo wa mnunuzi.

Hapa ndipo mimi, kama mwanaisimu, ninapoona kwamba tatizo hili ni la lugha kama lilivyo la fedha. Tazama maneno yenyewe. Ada kwa Kiarabu ni desturi, mazoea. Nasi tukilisikia neno hilo huinamisha kichwa kana kwamba kinachotozwa ni mila isiyohojiwa. Gharama ilikuwa na maana ya faini, malipo ya adhabu. Dalali ni mwenye kuonyesha njia, yaani kiongozi wa msafiri asiyeijua nchi. Je, dalali anayetaja nusu ya safari na kuinyamazia nusu ya pili bado anastahili jina hilo?

Tazama pia sarufi ya masharti. Kauli ya kutendwa hutuwezesha kumficha mtenda: "ada zitatozwa". Zitatozwa na nani? Kwa kiwango gani? Kwa sheria ipi? Na kivumishi kidogo "nyingine", katika kifungu "pamoja na gharama nyingine zote", hakina mpaka. Ni gunia lisilo na kitako. Halafu kuna sharti maarufu kwamba gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Wengi hudhani maneno hayo yanazungumzia mikwaruzo na magurudumu tu. Sehemu ya pili, "mahali lilipo", ina maana ya kifedha: kuliondoa pale ni juu yako. Na zaidi ya yote, masharti hayo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali mnada wenyewe huendeshwa kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza. Mtu hununua kwa lugha moja, akabanwa kwa lugha nyingine.

Haifai kudhani kwamba sheria imenyamaza. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inampa haki ya kujulishwa na mtoa huduma malipo na ada zote zinazokusudiwa kutozwa, ziitwe kwa jina lolote lile. Sheria ya Madalali ya mwaka 1996 inamtaka dalali awe na leseni, na Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinaweka msingi kwamba ada za dalali hulipwa na mdaiwa, isipokuwa katika hali zilizotajwa, kama vile mdaiwa asipopatikana. Kwa hiyo mnunuzi anayedaiwa kamisheni katika mnada wa mali iliyotwaliwa kwa deni ana haki ya kuuliza kwa upole: sharti hili limetoka wapi, na lilitangazwa lini? Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa nayo inasema kwamba mauzo hukamilika nyundo inapoanguka, na kabla ya hapo aliyetaja bei anaweza kuiondoa. Kuuliza kabla ya nyundo ni bure. Kuuliza baada yake ni kesi.

Najua madalali watanijibu. Watasema masharti yamo katika tangazo, kwamba mtu mzima hashikwi mkono, na kwamba gharama nyingine, kama betri na ufunguo, hawawezi kuzijua kabla. Hoja ya mwisho ina uzito, nami naikubali: hakuna anayemtaka dalali akadirie ubovu wa gari. Lakini kamisheni anaijua. VAT yake anaijua. Ada ya yadi ni yeye au mshirika wake anayeipanga. Kinachojulikana kwa muuzaji na kinachomlazimu kila mnunuzi ni sehemu ya bei, na chenye kuwa sehemu ya bei hakina budi kunadiwa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika Aprili 2025, inayowataka wafanyabiashara wanaomtajia mlaji bei waingize ndani yake ada zote asizoweza kuziepuka. Hatuhitaji kuinakili neno kwa neno, bali msingi wake hauna uzungu wala uafrika: sema unachodai kabla ya kudai.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, Bodi ya Kutoa Leseni kwa Madalali iwatake wanachama wake wachapishe katika kila tangazo jedwali fupi la ada zote za lazima, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba. Hakipaswi kuwa lugha ya kupandishia bei tu na kukosa kuwa lugha ya kuelezea deni. Pili, dalali akitaja bei, ataje na jumla yake: "Laki tano, na ada zake laki tano na elfu ishirini na tisa." Si kazi kubwa kwa mtu anayelipwa kwa ajili ya sauti yake.

Hadi siku hiyo ifike, mnunuzi na ajilinde. Aombe masharti kwa maandishi siku mbili tatu kabla ya mnada. Alitazame jina lililo katika kitabu cha gari, kile ambacho wengi hukiita logibuku, na atafute katika sajili ya dhamana iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017 kuhusu mali inayohamishika, ili ajue kama kuna mkopeshaji mwingine anayelidai gari hilo. Aandike ukomo wake katika kipande cha karatasi na kukitia mfukoni kabla ya kuingia yadini.

Nanyi walimu wenzangu, mna nafasi ambayo bunge halina. Tangazo moja la mnada lililokatwa gazetini latosha kwa kipindi cha hisabati, kwa kuwa lina asilimia ndani ya asilimia. Na latosha kwa kipindi cha Kiswahili, kwa kuwa lina kauli ya kutendwa na vivumishi visivyo na mpaka. Mwanafunzi atakayeweza kulisoma tangazo hilo hadi mstari wake wa mwisho, akauliza ni nani atakayetoza na ni kiasi gani, atakuwa amefundishwa lugha. Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Mnadani, mara nyingi rahisi ni ile bei iliyotajwa tu; upishi huvunjwa na zile ambazo hazikutajwa.