Laini mbili ndizo zilizotushika

Ndugu mwandishi, umesema bei ndiyo iliyoikuza Transsion, wenye Tecno na itel. Mimi naongeza laini mbili. Kampuni hiyo ya Shenzhen, iliyoanza 2006, iliona tulivyokuwa tukichomoa laini na kuchomeka nyingine kukwepa gharama ya kupiga mtandao mwingine. Mama yangu aliifunga laini yake ya pili kwenye pindo la leso, siku moja ikapotelea soko la Nakasero, Kampala. Alilia! Tecno yetu ya kwanza ikamaliza mateso hayo. Ila kiwanda chao Afrika, Transsion walikijenga Ethiopia, 2011. Sisi wa Uganda tulipata kiwanda cha simu za SIMI, Namanve, Novemba 2019. Nakiombea kikue, kiwachukue vijana wa William Street wanaofufua simu zetu kwa bisibisi ndogo kila siku.